Msimulizi Mgeni Aulizwe Alilala Wapi

Panda treni ya mwendokasi kutoka Dar es Salaam, kaa kimya, sikiliza. Morogoro ikishapita na mahandaki ya Kilosa yakishaisha, simu hutoka mifukoni. "Ndiyo tunaingia Ugogo huku. Ee bwana, hakuna kitu, mibuyu na vumbi tu." Wa kiti cha nyuma naye anamwambia mkewe kwamba hata haelewi watu wa huku wanaishije. Dirisha halifunguki, kiyoyozi kinapuliza, treni inakata mbuga, na nchi nzima imekwisha kusimuliwa kabla msimulizi hajakanyaga udongo wake. Jioni ile ile kuna nyumba Mbagala au Tabata ambamo watoto wanalala wakijua kwamba Dodoma ni jangwa.

Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno kuyaita bahati mbaya. Yananirudisha kwenye jambo ambalo walimu wa fasihi hulifundisha, wanafunzi wakalijibia mtihani, kisha wakaliacha ukumbini pamoja na karatasi za majibu: kila hadithi ina msimulizi, na kila msimulizi ana mahali aliposimama. Msimamo wangu ni huu. Msimulizi mgeni si mtu mbaya, na zipo riwaya kubwa za dunia ambazo zisingekuwapo bila yeye. Ubaya huanza pale msomaji anaposahau kuwa anayesema ni mgeni. Ndani ya riwaya, mwandishi hodari hatuachi tusahau. Huku Ugogo, nchi ya Wagogo katika nyanda za kati, hakuna mwandishi wa kutukumbusha, na kwa zaidi ya miaka 150 nchi hii imesimuliwa zaidi na watu waliokuwa njiani kwenda kwingine.

Mpangaji aliyedhani sungura ni paka

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1847 Emily Brontë, binti wa mchungaji wa kanisa kaskazini mwa Uingereza, alichapisha riwaya iitwayo Wuthering Heights. Msimulizi wake wa kwanza ni Lockwood, bwana wa mjini aliyepanga nyumba katika nyika yenye upepo mkali. Anakwenda kumtembelea mwenye nyumba wake, Heathcliff, na karibu kila anachokiona anakielewa visivyo. Rundo la sungura waliokufa anadhani ni paka wa kufugwa, na anathubutu kumsifia mwanamke wa nyumba kwa paka wake. Mwanamke huyo anamdhani mke wa mwenye nyumba. Akisahihishwa, anamwoza kwa kijana mwingine aliye karibu, na hapo pia amekosea.

Msomaji anacheka, na Brontë alitaka tucheke. Kwa kicheko hicho ametuonya mapema kwamba macho haya ni ya mgeni, tuyatumie kwa hadhari. Kisha anafanya jambo la busara zaidi. Lockwood anaugua, anajilaza, na anayemletea kisa chenyewe ni Nelly Dean, mtunza nyumba, aliyeishi na familia zile tangu utotoni. Mgeni ana kalamu, mtumishi ana habari. Hata Nelly ana upendeleo wake na ya kwake ya kuficha, lakini angalau tunajua jina lake, tunajua alikuwa wapi siku ya tukio, na tunaweza kubishana naye.

Ninachotaka kushika ni kanuni moja: mgeni husaidia riwaya kwa sababu anashangaa. Mwenyeji hashangazwi na anachokiona kila siku, kwa hiyo hakisemi. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini walisema pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja.

Walikunywa maji, wakalalamikia ushuru

Sasa turudi nyumbani. Karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Mpelelezi Richard Burton alipita mwaka 1857, kitabu chake kikatoka mwaka 1860. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Walipita pia wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, na Hamed bin Muhammed, yule aliyejulikana kama Tippu Tip, alisimulia maisha yake na safari zake kwa Kiswahili. Katika masimulizi ya njia hii Ugogo unakuja na malalamiko yale yale: hongo. Kila mtemi alidai vitambaa na shanga kabla msafara haujaruhusiwa kupita, na wasafiri wakawaita Wagogo wajeuri, wachoyo, watu wa kutisha wageni.

Hebu tuulize ambalo Nelly Dean angeliuliza. Msafara wa mamia ya wapagazi unatoka kwenye nyika isiyo na maji, ile waliyoiita Marenga Mkali, watu wamekauka midomo. Unafika kijijini. Maji yaliyopo ni ya kisima kilichochimbwa kwa mkono, kiangazi kikiwa kimeanza na mvua ikiwa haitarajiwi hadi mwisho wa mwaka. Wageni hao, na punda wao, na mbuzi wao, wanakunywa usiku mmoja maji ambayo ng'ombe wa kijiji wangeyatumia kwa siku kadhaa. Asubuhi wanaondoka. Mwaka unaofuata wanakuja wengine. Wewe ungekuwa mtemi ungewatoza nini? Wizara ya leo ingeuita ushuru wa maji na barabara, na ingekata risiti.

Cha ajabu ni kwamba ushahidi wa upande wa pili umo ndani ya vitabu vya wageni hao hao. Stanley alipofika Mvumi, pale pale palipo na hospitali ya misheni leo, aliorodhesha vyakula ambavyo wanakijiji waliwaletea ili kuwauzia: maziwa mabichi na ya mgando, asali, maharage, mtama, uwele, mahindi, samli, karanga, matikiti maji, maboga. Hiyo ndiyo nchi isiyo na kitu! Msomaji makini anasimama hapo na kukuna kichwa. Anayelalamika kwamba ameibiwa ndiye aliyekula akashiba, na orodha kaiandika kwa mkono wake mwenyewe. Lakini orodha hiyo haikusafiri mbali. Kilichosafiri ni lalamiko.

Na wakalimani wa wasafiri hao wako wapi? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani na kufikishwa India akiwa mtoto, alitembea na Burton na mwenzake Speke, akatembea na Stanley, akatembea na mpelelezi mwingine, Cameron. Alipita Ugogo mara nyingi kuliko bwana yeyote kati ya hao. Majadiliano ya hongo yalifanywa na watu kama yeye, wakiwa wamechuchumaa mbele ya watemi kutwa nzima, huku bwana mwenye kalamu amelala hemani na homa. Brontë alimpa Nelly nafasi ya kusema. Stanley alimpa Bombay nafasi ya kukaripiwa.

Abdulrazak Gurnah aliliona pengo hilo. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inaupeleka msafara wa pwani ndani ya bara, na sisi tunautazama kupitia kijana Yusuf, ambaye hakuchagua safari na wala si mwenye mali. Wafanyabiashara wanaowaita watu wa bara washenzi wanasikika wazi, na kwa kuwa tunawasikia kupitia kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, tunawapima. Hapo ndipo fundi wa riwaya anapojulikana: mgeni anaongea, na msomaji anajua ni mgeni.

Njaa yenye jina

Kuna kisa kingine, na hiki kilikula watu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kati ya mwaka 1918 na 1920, Ugogo ulipata njaa ambayo wenyeji waliipa jina: Mutunya. Ukiisoma kutoka kwa mpita njia, utaambiwa ni ukame, nchi kavu, watu wasiojua kuweka akiba. Mvua kweli ilikatika. Lakini kabla ya mvua kukatika, majeshi mawili, la Wajerumani na la Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, yamechukua nafaka ghalani, yamechukua wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita. Akiba ilikuwepo. Ililiwa na askari. Mgogo aliyezoea kiangazi kibaya alikuwa na mbinu zake: ng'ombe wachache hapa, wengine kwa mjomba, wengine kwa rafiki wa mbali, ili janga la sehemu moja lisiwamalize wote. Mbinu hiyo ina nguvu dhidi ya mawingu. Dhidi ya amri ya jeshi haina.

Mwaka 1917, karibu na mwanzo wa balaa hilo, alizaliwa Ihumwa mtoto aliyekuja kuitwa Mathias Mnyampala. Wengi wanamjua kwa mashairi na ngonjera, na wanafunzi wa zamani waliokariri ngonjera zake shuleni wapo hadi leo. Wachache wanajua kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Mtoto wa Ugogo, kwa Kiswahili safi, akiandika watemi kwa majina yao, koo zilivyotoka na zilivyohama, na mila kama alivyozipokea kwa wazee.

Simwandiki Mnyampala kama malaika. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alikuwa liwali na baadaye hakimu, alikuwa Mkatoliki aliyetunga utenzi wa Enjili, na yote hayo yanaonekana katika anachokisifu na anachokiruka. Mwenyeji naye ana mahali aliposimama. Tofauti ni kwamba alilala pale. Akiandika habari za kisima, anajua kilichimbwa na nani.

Mgeni aliyezaliwa hapa hapa

Pengine mtu atasema: basi tatizo limekwisha, wasimulizi wa leo ni Watanzania wenzetu. Hapo ndipo namwomba asome Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Riwaya zetu nyingi za Kiswahili zimependa msimulizi maizi, yule anayejua yote na kukaa juu ya kila mtu kama jaji. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alimshusha jaji huyo na kumpa kipaza sauti Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, aseme kwa nafsi ya kwanza.

Kazimoto tunamkuta ofisini akisubiri kumwona Manase, mkuu wa wilaya ambaye walisoma pamoja. Anasubirishwa. Ni tukio dogo ambalo kila Mtanzania aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi ya serikali analifahamu: mlango unafunguka, anaingia mwingine, wewe unaambiwa bosi ana kikao. Baadaye Kazimoto anarudi kijijini kwao, na msomaji anagundua kwamba huyu si mwenyeji tena. Anawatazama wazazi wake kama mtu anayewachunguza. Imani yao haimwingii, starehe zao zinamchosha. Manase huyo huyo anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msiba unaingia nyumbani. Kazimoto anamwoa Sabina, dada wa Manase, na bado hapati pa kukaa rohoni. Mwishowe anajiua. Hakuna mzungu ndani ya kisa hicho anayepita na hema. Mgeni ni mtoto wa nyumba.

Ninaitaja riwaya ya Ukerewe katika makala ya Dodoma kwa sababu Kazimoto ni wengi hapa. Ametoka Kongwa au Bahi, amesoma, amepata kazi Dar, amerudi na mji mkuu. Shemeji akimkaribisha ugali wa uwele na mlenda, anapiga picha kabla ya kunawa, anairusha mtandaoni na maneno ya kuchekesha. Ndyanao Balisidya, mwandishi wa asili ya huku huku, aliwaona vijana wa aina nyingine katika Shida ya mwaka 1975, akina Chonya na Matika wanaokimbilia Dar es Salaam na kukuta dhiki ikiwasubiri stendi. Yeye aliwatazama wanaoondoka, Kezilahabi akamtazama anayerudi. Ukizisoma riwaya hizo pamoja unaona jinsi mtu anavyofanywa mgeni kwao hatua kwa hatua, kwa shule, kwa mshahara, kwa aibu.

Bei inalipwa na kaya

Msomaji atauliza: haya ya wasimulizi yana uhusiano gani na unga? Yana uhusiano mkubwa. Maneno yakirudiwa huwa sera, na sera hufika mlangoni kwa mtu.

Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu yahamie Dodoma, mji huu ulichaguliwa pamoja na mambo mengine kwa kuwa katikati ya nchi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo huo, ikapanga mji kwenye karatasi hadi ilipovunjwa mwaka 2017, na malalamiko ya ardhi yalikuwa miongoni mwa sababu za kuvunjwa kwake. Tangu serikali ianze kuhamia kwa kweli, na Dodoma kuwa jiji Aprili 2018, viwanja vimepimwa Nzuguni, Mtumba, Ihumwa kwenyewe alikozaliwa Mnyampala. Anapofika mtu wa kuthamini ardhi akiwa ameshasimuliwa kwamba huku ni pori tupu, ataandika nini kwenye fomu? Eneo ambalo bibi mmoja analijua kama malisho ya kiangazi, mahali pa kuchuma majani ya mlenda na kuni, na kaburi la mkwewe chini ya mti wa mkakatika, kwenye fomu linakuwa "halijaendelezwa". Hakuna aliyedanganya. Msimulizi aliona alichoona kutoka barabarani. Tofauti ya fedha kati ya neno lake na neno la bibi ndiyo ada ya shule ya wajukuu.

Kaya nyingine inalipa kwa njia nyingine. Familia ngapi za Dar es Salaam zina dada wa kazi kutoka Mpwapwa, Chamwino au Manyoni? Analetwa kwa sababu imesimuliwa kwamba watu wa huko ni wapole, wamezoea shida, hawadai mengi. Simulizi hilo limemshushia mshahara kabla hajavuka Morogoro. Na ndiye Nelly Dean wa nyumba ile! Anajua nani anagombana na nani, mtoto yupi anaumwa, baba alirudi saa ngapi. Siku wenye nyumba wakiandika historia ya familia yao, sidhani kama atapewa ukurasa.

Halafu kuna watoto. Kwa miaka mingi picha ya Mgogo katika vichekesho vya mjini imekuwa ya ombaomba. Utani wa makabila ni mali yetu, siupingi, na Mgogo mwenyewe ni mtani hodari akipewa nafasi. Utani una watu wawili wanaojibizana. Kijana wa darasa la sita anayeficha kabila lake katika shule ya Dar hataniwi, anasimuliwa, na msema pweke hakosi.

Mgeni apewe jembe

Mimi mwenyewe ni mhamiaji hapa, sikuzaliwa Ugogo, kwa hiyo siwezi kusema wageni wanyamaze, maana ningeanza kwa kuweka kalamu chini. Wapo wageni waliosimulia kwa heshima. Peter Rigby, mtafiti wa jamii aliyeishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitoa mwaka 1969 kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu wao, na sehemu kubwa ya tunachoweza kueleza leo kuhusu sababu za mtu kugawa mifugo kwa ndugu wa mbali tunamshukuru yeye. Alikuwa mgeni kama Stanley. Alikaa, aliuliza, alisubiri jibu. Wazee wetu waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wanatoa masharti ya kuaminika: mgeni akishika jembe ndipo aanze kueleza habari za shamba.

Kwa hiyo mwandishi wa habari anayekuja Dodoma kuripoti Bunge, na mtumishi aliyehamishwa na wizara yake, na mtengeneza video anayetafuta vumbi la Agosti kwa ajili ya watazamaji wake, wote waulizwe maswali ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano anayauliza riwaya. Unasema ukiwa umesimama wapi? Nani alikutafsiria? Zabibu zinavunwa hapa mara mbili kwa mwaka, ulizionja au uliona mibuyu tu? Ulilala wapi?

Na wenyeji wana kazi yao. Kitabu cha Mnyampala kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Gregory Maddox na kuchapishwa Marekani mwaka 1995, kwa hiyo msomaji wa New York anaweza kukipata kwa lugha yake. Katika maduka ya vitabu ninayoyajua hapa jijini sijakiona kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa Ihumwa alikiandikia. Mji huu una Bunge, una wizara, una Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's, na wafanyabiashara wenye uwezo wa kulipia uchapishaji wa kitabu kimoja bila kuhisi. Wakichapishe upya, wakiweke maktaba za shule kuanzia Kongwa hadi Bahi, na nakala chache ziuzwe pale stesheni ya treni.